Mbwa Aliyemuua Mwanawe

Kwa miaka kumi na tisa niliyoishi Birmingham sikuwahi kumshika mbwa, wala sikuwa na mpango wa kuanza. Si kwamba nawachukia. Kwetu Unguja mbwa ni mnyama wa nje. Majimaji yake yakikugusa una kazi ya kuosha mara saba, moja yake kwa udongo, na mimi hata sufuria sipendi kuiosha mara mbili. Hapa mbwa hulala kitandani na wenyewe. Sawa, ni kwao.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Asubuhi naogesha, navisha, natoa dawa, napika uji wa shayiri, naandika kwenye daftari, nakwenda nyumba nyingine. Nyumba ninayoisimulia ipo Edgbaston, kwenye barabara ya miti mikubwa ambako huoni mtu nje ila anayetembeza mbwa. Bibi mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, mwalimu mkuu mstaafu. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni kule Harborne, akarudishwa nyumbani na kitembezi cha chuma pamoja na amri ya kutoinama kabisa. Kitanda chake kilishushwa chini, kwenye chumba cha kulia.

Bibi alikuwa na mbwa mmoja jike, mdogo, wa rangi ya kahawia, mwenye masikio marefu. Alizungumza naye kutwa, hata gazeti alimsomea. Siku yangu ya kwanza mbwa alinirukia nami nikapanda juu ya kiti, mtu mzima mimi, nimeshika gauni. Bibi hakucheka. Aliniuliza kama ni woga au ni dini. Nikamwambia ni vyote viwili. Tangu hapo, kila nilipotia ufunguo mlangoni nilikuta keshajikokota na kitembezi chake akamfungia mbwa chumba cha nyuma. Mara moja tu mbwa alimponyoka akanilamba mkono, nikaenda bustanini kuchota udongo kwenye chungu cha maua. Bibi alinitazama dirishani nikiosha hadi mara ya saba, akaniuliza kama hesabu imetimia.

Mimba ilipatikana wakati bibi yupo hospitali. Mwanawe, bwana mmoja anayeishi mwendo wa saa nzima kwa gari, alimchukua mbwa kwake, na kwake kuna dume. Alituhakikishia kwamba dume lake ni mpole sana. Upole wake tuliuona tumboni mwa mwenziwe. Huyu bwana alikuwa mkali kwa mambo ya mama yake. Kabla yangu alishawaondoa watunzaji wawili kwa simu moja moja kwa kampuni yetu: mmoja alichelewa, wa pili alivunja kikombe cha marehemu baba yake.

Siku ya kuzaa mbwa alishindwa. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na kitoto kilikwama njiani. Daktari wa wanyama akampasua akatoa vinne, vyote hai. Bwana akamrudisha mama yao jioni, kalewa dawa, tumbo limenyolewa na kushonwa, na vitoto vimefungwa kwenye taulo ambalo si la nyumba ile. Boksi walimolazwa likawekwa pembeni mwa kitanda cha bibi kwa sababu bibi alitaka kuona. Alitaka kuona, na kila mtu akataka kuona. Jirani alikuja na mumewe. Mleta barua alikaribishwa ndani. Wajukuu walikuja na simu zao wakawasha taa wakapiga picha, wakavipokezana vile vitoto mikononi huku mama yao anazunguka, mkia katikati ya miguu. Mimi nilisimama mlangoni nikafikiri kwamba kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini na hakuna anayeingia kwake na miguu ya njiani. Nilifikiri tu. Sikulipwa kwa kufikiri.

Siku ya tatu, Jumatano, niliingia asubuhi nikakuta bibi ameketi kitini amekunja vidole, na kitoto kimoja kipo chini mbali na boksi, karibu na mguu wa meza. Kilikuwa kinalia kwa sauti nyembamba. Kilikwishaanza kupoa, bibi alisema, na yeye hawezi kuinama, na mbwa amelala na vile vingine, hakitafuti. Akaniomba.

Sheria ya kampuni yetu ipo wazi: mnyama wa mteja si kazi yetu, hatumgusi. Lakini yule bibi alikuwa amejikokota na chuma chake kwa ajili yangu kila siku kwa wiki nyingi. Ningemwambia nini? Nilivaa glavu, juu yake nikavaa glavu nyingine, nikazipaka dawa ile ya kuulia vijidudu tunayopewa kazini. Nikakiokota. Kilikuwa na uchafu wa choo mgongoni, basi nikachukua vile vitambaa vibichi vya manukato ninavyompangusia bibi, nikakipangusa chote, kichwa, tumbo, mpaka chini ya mkia, kikawa safi kinanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Bibi alisema asante. Nikakirudisha ubavuni kwa mama yake.

Mbwa alikinusa. Akarudisha kichwa nyuma, akanusa tena. Akakisukuma kwa pua. Kisha manyoya ya shingo yakamsimama akaanza kunguruma kwa chini, nami nikadhani ananingurumia mimi, nikarudi nyuma. Nilisikia kilio kimoja kifupi. Halafu mbwa akakaa kando anatetemeka, na kile kitoto hakikuwa na uhai tena.

Bwana alifika kabla ya adhuhuri. Alichukua vitoto vitatu vilivyobaki ili mkewe avinyweshe kwa chupa, akamfungia mama yao chumba cha nyuma, akampigia simu daktari aje Ijumaa na sindano ya kumlaza moja kwa moja. Alisema mbwa aliyemuua mwanawe hashindwi kumuuma mzee mwenye ngozi kama karatasi. Hakuuliza kilichotangulia. Bibi hakubisha hata neno moja. Alikaa kutwa ameupa mlango ule mgongo, na mbwa akawa anakwaruza upande wa pili, na gazeti likabaki halijafunguliwa.

Alhamisi ni siku ya kuoga, na kwa kuoga tunakwenda wawili. Mwenzangu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, kwao walifuga mbwa. Tulipokuwa tunakunja taulo nilimweleza.

"Ulimushika na nini?" akaniuliza.

"Na glavu. Nikampangusa na vile vitambaa."

"Bile bya kunukia? Aa, dada yangu!" Akaacha taulo. "Imbwa anajua mutoto wake na mapua. Ulimurudishia mutoto ya mutu mwengine."

Nikamwuliza nifanye nini. Aliangalia mlango, akashusha sauti. "Donc, basi, unyamaze. Bachef, bakubwa ba kazi, bakijua uligusa imbwa, batakufukuza. Na ile imbwa si baba yako."

Niliona ana haki. Nilipanda basi nikarudi nyumbani na nia hiyo ya kunyamaza. Binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa, alinisikiliza nikisimulia kwa Kiswahili mpaka mwisho, akanijibu kama anavyonijibu siku zote: "Mum, just tell them." Nikamwambia kuwaambia watu ni rahisi kwa asiyelipa kodi ya nyumba. Akainua mabega akaenda chumbani kwake.

Ijumaa daktari alikuja nikiwa namchana bibi nywele. Alikuwa msichana mdogo kwa umri, ana begi na viatu vya mvua. Bwana alikuwa amefika kabla yake. Daktari aliweka begi chini, lakini hakulifungua. Aliuliza nini kilitokea kabla.

"Hakuna kilichotokea," bwana akasema. "Alimgeukia tu akamuua."

Daktari akamgeukia bibi. Bibi alikuwa anatazama magoti yake. Nilihisi kichwa chake kimetulia kabisa chini ya kitana. Daktari akainama kushika zipu ya begi, na mbwa kule nyuma, labda kwa kusikia sauti ngeni, akabweka mara moja.

"Nilikishika mimi," nikasema. Nikasema vyote bila kupumua: glavu mbili, dawa, vitambaa, tumbo, mkia. Nikasema na habari ya wajukuu na simu zao, maana nilikuwa nimeshaanza na sikuona sababu ya kubakiza. Bwana alibadilika rangi hadi masikioni.

Daktari aliketi chini kwenye zulia. Alizungumza taratibu, nami nilimpenda kwa kuwa hakumtazama mtu mmoja zaidi ya mwingine. Alisema mbwa huwajua watoto wake kwa harufu, na harufu hiyo huipata pale wanapotoka, anapowalamba na kukata kitovu. Huyu hakuwaona wakitoka. Alilala akaamka, akaletewa viumbe vinne kwenye taulo geni, ana kidonda tumboni, ni mara yake ya kwanza. Kisha wakaja watu, taa, mikono. Mbwa mwenye hofu nyingi huweza kumwua mtoto kwa kutojua pa kumficha. Mwingine huua kwa maumivu ya chuchu, mwingine kwa upungufu wa madini mwilini unaomvuruga akili, mwingine hukata kitovu akapitiliza. Na wapo wanaomkataa mtoto mgonjwa kwa kumsikia ubaridi. Hiki kilikutwa mbali, kimepoa. Huenda kilikuwa kimeshakataliwa. "Huenda ni vitambaa," akaniambia, "na huenda si vitambaa. Hatutajua." Lakini sindano, alisema, hawezi kuitoa kwa mbwa aliyeogopa.

Nilikuwa bado nimesimama na kitana. Nilikuwa nafikiri habari ambayo sijapata kumwambia mtu. Binti yangu naye alitolewa kwa kisu, katika mji huu huu, mama yangu yupo Unguja na visa haikutoka. Nilipozinduka waliniwekea mtoto kifuani, kafungwa nguo ya hospitali, ananukia sabuni yao. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu wa nani? Kwa siku mbili nilimnyonyesha kama mtu anayemshikia mtu mzigo wake. Niliogopa sana siku zile, na nilijiona mbaya. Hakuna aliyenisemea wala aliyeniuliza, nikapona kimya kimya, na leo mtoto huyo ananijibu kwa Kiingereza. Sikuwahi kuhesabu nilikuwa umbali gani na kufanya alichofanya mbwa yule.

Basi bwana alivileta vitoto tena jioni ile. Daktari alituonyesha: kuvisugua kwanza kwa blanketi la mama yao, kimoja kimoja, mtu mmoja tu chumbani, taa ndogo, hakuna sauti. Mbwa alivikubali viwili papo hapo, akavilamba mpaka vikalowa. Cha tatu alikikubali kesho yake. Boksi likahamishiwa chini ya meza, kitambaa kikaning'inizwa mbele.

Bwana aliipigia kampuni simu, kama ilivyotarajiwa. Niliitwa ofisini, nikaandika maelezo, nikapewa onyo, na kuanzia wiki ya tatu nikapangiwa nyumba za upande wa Hockley. Sikulalamika. Sheria niliijua nilipovaa ile glavu ya kwanza.

Siku yangu ya mwisho Edgbaston nilimwosha bibi uso, nikamvisha, nikakaa nyuma yake kumchana nywele. Nilimwambia samahani kwa kile kitoto, maana sikuwa nimemwambia.

"Harufu ya vile vitambaa niliisikia kutoka hapa kitini," akasema. "Nimefuga mbwa tangu nikiwa mtoto. Nilijua ukiwa bado unakirudisha, ila maneno hayakuwahi kutoka."

Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza siku mbili nzima, na kwa nini Ijumaa, daktari ameshashika begi, bado alinyamaza.

"Mwanangu angekuondoa," akasema. "Mbwa ningeweza kupata mwingine."

Nilikasirika kwanza, kwamba alitaka kiumbe kisicho na kosa kife kwa ajili yangu, wala hakuniuliza. Kisha hasira ikageuka haya, kwa kuwa nami tangu Alhamisi ile ya taulo nilikuwa nimekubali hivyo hivyo, tena kwa faida yangu mwenyewe. Nikaendelea kuchana nywele ambazo zilikuwa zimeshachanika. Mbwa alikuwa chini ya meza ananyonyesha, macho kayafumba, karibu kabisa na miguu ya watu wawili ambao kila mmoja kwa siri yake alikwishamtoa kafara.