Kitenge cha Kisiwani

Watu wakiniuliza wanunue nini kisiwani, huwa nawajibu kwa ukali kidogo, maana kisiwa kile cha upande wa Biharamulo nilikijua wakati wa dhiki, si wakati wa matembezi. Beba ndizi na maharage. Wenyeji hawalimi sana, watakupunguzia bei. Samaki wabichi waache. Sisi watu wa milimani tuliwanunua kwa uchu, na kabla hujafika Ngara nzi wamekwisha kupata habari zako. Chukua waliokaushwa kwa moshi. Mikeka ya mafunjo ni mizuri. Na kitambaa usikilipie kikiwa kimekunjwa. Kikunjue chote, kiinue juani, maana tundu hukaa ndani ya mkunjo.

Mimi nilifuata kitambaa. Vita ilikuwa imekwisha, na duka la kijiji chetu cha ujamaa lilibaki na kaunta na muuzaji tu. Mama alikuwa akijifunga gunia, na kanisani hakwenda tena kwa aibu. Kisha tukasikia kwamba vijana wetu waliokwenda vitani wangerudishwa kwa lori wiki ile. Kaka yangu alikuwa mmoja wao, na tangu aondoke hatukupata neno lake. Kwetu anayetoka vitani hukumbatiwa kwanza na mama yake, hadharani, kabla mtu mwingine hajamgusa.

“Siwezi kumpokea mwanangu na gunia,” mama alisema. “Nenda, binti yangu. Hata kikiwa cha rangi mbaya, lete.”

Nikaenda na mkungu wa ndizi na debe la maharage. Mchuuzi akanitolea kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Nikakikunjua, nikakiinua juani, hakikuwa na tundu hata moja. Nilivuka ziwa nikicheka peke yangu kama mwehu. Sijawahi tena kufurahia kitu nilichonunua.

Lori likaja mchana. Mama alisimama mbele ya wanawake wote, amejifunga kitenge kipya. Vijana wakashuka, kila mmoja akadakwa na mama yake, mpaka lori likabaki tupu. Mama akamuuliza dereva kama kuna lingine nyuma.

“Ni hili tu, mama,” dereva akasema, akainamisha kichwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Walionifundisha kwamba subira huvuta heri hawakuwahi kungoja lori. Nikamshika mama mkono turudi nyumbani, akakataa. Vijana wale walikuwa wamekua pamoja na kaka, walikula kwetu. Wakaja kumsalimu, hawajui watazame wapi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akamkumbatia wa kwanza. Akamgeukia wa pili. “Marahaba, mwanangu.” Akawapokea wote hivyo, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho. Kisha akatazama huku na huku, akauliza, “Nani bado?”