Wifi, Saa Imelia

Shangazi yangu anafundisha watu kuendesha gari, na kwa miaka ishirini na mbili mguu wake umeilinda ile breki yake ya pembeni, ya upande wa mwalimu, kama paka mlangoni pa bucha. Mwaka huu mwanawe kamfungia kijisanduku chini ya dashibodi, na saa mkononi. Gari likishtuka na mkono ukirushwa kwa pamoja, saa inalia, inamuuliza kama yuko salama. Asipobonyeza ndani ya nusu dakika, ujumbe wa ajali unaingia kwenye grupu la familia.

Wiki ya kwanza tulimpoteza mara tisa. Ikafika mahali tunaulizana tu leo kafa saa ngapi. Naye akazoea: saa ikilia kidole kishafika, hata sentensi haikatizi.

Vifo vingi vilitokana na mwanafunzi mmoja, mama yangu mzazi. Mama anakanyaga breki kama anaua mende. Anautaka mtihani wa leseni, ila fomu lazima asaini mwalimu, na wifi yake huyo kaapa hasaini mpaka wamalize safari nzima saa haijalia. Miezi minne fomu iko kwenye mkoba, imelegea kama leso.

Jumanne wamesimama kwenye taa, mama katulia zake, lori likawagonga kwa nyuma. Saa ikalia. Shangazi, kwa mazoea, akabonyeza "niko salama" kwenye mkono uleule uliovunjika. Ujumbe wa ajali haukutoka; huku kwenye grupu tunatumiana vichekesho. Simu yake imerukia chini ya kiti, ya mama iko nyumbani kwenye chaji.

"Twende hospitali, wifi," shangazi akasema. Maumivu yalivyombana, mguu akautoa kwenye breki, mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Mama akaendesha. Matuta manne, mzunguko mmoja, kona ya hospitali. Saa kimya.

Nilipopigiwa simu na hospitali nikafika, plasta imeshafungwa na mama kashika fomu na kalamu.

"Masharti ni masharti," shangazi akasema. "Leo saa imelia."

"Ile ilikuwa ya lori, wifi. Lori ndilo usilisainie."

Shangazi akacheka mpaka mkono ukamuuma, akasaini. Halafu akaniagiza nimpigie mwanawe: hicho kitufe cha "niko salama" akifanye kigumu kidogo.