Zamu ya Barabara Yetu

Barabara yetu ya vumbi inakutana na Barabara ya Morogoro pale Kongowe, na kwenye makutano hayo tuliwekewa taa. Siku taa zilipowashwa tulishangilia kama watoto, tukidhani sasa na sisi tutahesabiwa. Kumbe wapi. Asubuhi na jioni anakuja askari wa usalama barabarani, anasimama katikati, na taa zinabaki zikibadilika rangi bila mtu wa kuzijali. Anaiachia barabara kubwa ipite, ipite, ipite. Foleni ya barabara kubwa ikirefuka, wakubwa wanapiga simu. Ya kwetu ikirefuka hadi kwenye mashine ya kusaga, nani atapiga simu? Hapo mimi hutukana kimoyomoyo, na mara nyingine kwa sauti.

Asubuhi ninayoisema nilikuwa na baba yangu ndani ya bajaji. Alikuwa ameamka ameshika kifua, jasho la baridi likimtoka, na hospitali iko ng'ambo ya barabara ile. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: bajaji ivuke.

Dereva aliwasha taa za bajaji, akapiga honi. Hakuna aliyetugeukia. Kila mtu pale hupiga honi akidai ana mgonjwa. Wiki hiyo hiyo gari moja lilipitishwa kwa mtindo huo, kumbe limebeba kreti za soda. Pembeni ni mtaro kulia na kushoto, hakuna pa kuchepukia. Nikashuka, nikakimbia hadi kwa askari.

"Afande, baba yangu ana hali mbaya. Naomba utupitishe."

Alikuja kuangalia mwenyewe. Alikuwa kijana, na amelelewa vizuri, ndiyo maana naumia hadi leo. Aliinama mlangoni pa bajaji, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Baba alikuwa amejilaza kiti kizima. Aliposikia shikamoo akainuka. Sijui nguvu alizitoa wapi. Akakaa wima, akafunga kifungo cha shati.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, mzee. Unaendeleaje?"

"Mimi mzima tu. Namshukuru Mungu."

Askari akanitazama mimi.

"Mama, mzee mzima huyu. Subirini zamu yenu."

Nilipiga kelele. Nilimwambia si mzima, kwamba huyu baba angekatwa mguu bado angejibu mzima tu. Ni baba mwenyewe aliyeninyamazisha. "Mwache kijana afanye kazi yake, mama," alisema. Askari akarudi katikati, akainua mkono kutuzuia, mabasi ya mikoani yakaendelea kupita.

Baba akajilaza tena. Nilikaa kando yake, nikapakata kichwa chake. Alipofumba macho niliogopa, sikujua nifanye nini, nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Malori yakapita. Nikamwamkia tena, akaitikia tena. Nilimwamkia mtu yule yule mara nyingi asubuhi moja kama mwehu, na dereva alinitazama kwenye kioo. Nilimchukia askari, nikazichukia taa, nikayachukia na hayo malezi mazuri yaliyomwinua baba pale kitini. Marahaba ikapungua ikawa mnong'ono, halafu midomo tu inayocheza.

Hatimaye askari aligeuka, akasimamisha barabara kubwa, akatupungia tupite. Honi zikalia nyuma yetu. Dereva akaondoa bajaji kwa kasi. Tulipofika usawa wa askari, yule kijana aliinama kutuchungulia, akatabasamu.

"Pole kwa kusubiri, mzee."

Baba hakumjibu. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona akiacha salamu ya mtu bila jibu. Tulipovuka, nilimwambia dereva asikimbize tena.