Nilifunga mota mwenyewe, nikamsingizia jogoo wa mama mkwe

Admin, hili niwekee bila jina wala picha, maana shemeji zangu wote wapo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, naishi Majengo, Mpanda mjini, nina mke na watoto wanne. Nimechoka, ndugu zangu. Hata nguvu ya kujitetea sina, nataka tu kusema kilichotokea.

Kazi yangu ni kutotolesha vifaranga. Nina mashine ya mbao, ndani ina trei mbili, juu kuna taa za kutoa joto na feni ya kulisambaza. Watu wananiletea mayai ya kienyeji, wengine wanatoka Litapunga huko, na baada ya siku ishirini na moja wanachukua vifaranga vyao. Sasa mota ya ile feni ikaungua. Fundi akataja bei yake, tena akasema nisubiri wiki nzima. Mke wangu akasema tusubiri. Mimi nikajifanya mjanja. Nyumbani kwangu fundi wa kila kitu ni mimi, redio wala pasi sijawahi kupeleka kwa mtu. Nikang'oa mota kwenye feni ya kusimama iliyovunjika shingo, nikaangalia video mbili kwenye simu, nikaifunga mwenyewe. Nikaweka mkono, upepo upo. Nikajipongeza na soda.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akaleta mayai ishirini na sita kutoka Sibwesa. Wakwe zangu ni Wasukuma, walihamia huku na ng'ombe wao, na mama alikuja na kuku kwenye tenga, mbegu aliyopewa na mama yake mzazi. Ugonjwa wa kideri ulipopita ukawafagia, akabaki na matetea watatu na jogoo mmoja. Akamwambia mke wangu, "Mwambie baba anisaidie. Nisipopata vifaranga sasa, hawa kuku ndio basi tena." Baba ndiye mimi, mkwe wake. Mimi na yeye tunaheshimiana kwa mbali, kukaa tukaongea ana kwa ana ni mara chache sana. Na kwa heshima hiyohiyo nikayapanga mayai yake trei ya juu. Niliona mayai ya mkwe hayawezi kukaa chini ya mayai ya wateja.

Siku ya saba nikayamulika kwa tochi. Karibu yote yalikuwa na mishipa myekundu, yaani yana uhai. Ikafika siku ya ishirini na moja, trei ya chini vifaranga wanalia, ya juu kimya. Nikasubiri siku mbili zaidi, kisha nikayapasua nyuma ya nyumba. Vifaranga walikuwa wamekufa mle ndani, wengine wana manyoya tayari. Nilipofungua mashine nikaona kosa langu. Mota niliifunga ikiwa imegeuka. Badala ya kusukuma joto lishuke, ilikuwa inalivuta juu, na kipimajoto kiko chini, siku zote kilisoma vizuri. Jua la wiki ya mwisho likamalizia. Niliwapika.

Mke wangu aliponiuliza, nikajibu, "Hayakuwa na mbegu. Jogoo wa mama atakuwa amezeeka." Niliogopa tu kuambiwa "si nilikwambia usubiri fundi?" Akampigia mama yake simu palepale nikiwa nimekaa. Na kwa kuwa ya wateja yalitotolewa vizuri, nani angeilaumu mashine?

Jumapili tukaitwa Sibwesa. Mama akanisalimia akiangalia pembeni kama kawaida yake, akasema, "Baba, utusamehe bure. Tumekusumbua na mayai yasiyo na kitu, na nyie mna kazi zenu." Chakula kikaletwa, ugali na kuku. Alikuwa amemchinja yule jogoo. Firigisi ikawekwa upande wangu, kama mkwe. Na mimi, jamani, nikaila. Ilikuwa ngumu, nikatafuna mpaka taya zikauma, huku namsikia mama jikoni anamuuliza mke wangu kama baba anakula vizuri.

Tangu siku hiyo sina raha. Mashine fundi ameshaitengeneza, lakini hata kuiwasha naona uvivu. Na kuna jambo moja linanitesa kuliko yote. Kuku akishapandwa, mayai yake huendelea kuwa na mbegu kwa siku kama kumi hivi hata jogoo akiwa hayupo. Wale matetea bado wanataga. Nikisema ukweli sasa, mayai ya wiki hii yanaweza kumrudishia mama kuku wake. Nikiyaomba kimya kimya ataniuliza nayataka ya nini, wakati mimi ndiye niliyesema hayana kitu. Na nikisema, itajulikana kwamba nilikaa mkekani nikamla jogoo wake huku najua. Hilo linasamehewa kwa wakwe? Mke wangu nitamwangaliaje?

Jana nimemsikia akiongea na mama yake kwenye simu, akageuka kwangu anacheka, "Mama anasema wajukuu wa pale kwake wanafaidi, kila asubuhi anawakaangia mayai."

Jogoo alichinjwa Jumapili, leo ni Alhamisi. Nitukaneni mkitaka, ila na ushauri mnipe, tena mnipe leo, maana kesho asubuhi wanakaanga tena.