Nyota Aliyonigawia Baba

Koti la baba lilinuka dizeli na samaki wa chumvi. Harufu hiyo iliingia nyumbani kabla yake, na mimi niliijua tangu anazima lori lake nje ya uzio wetu pale Butembo, ambako baridi ya jioni hushuka kutoka milimani na moshi wa majani ya mikaratusi huingia hadi kwenye mablanketi. Baba alisafirisha bidhaa kati ya Butembo na Beni, akienda na kurudi, na kila aliporudi tulikaa kizingitini yeye na mimi, mama akipika sombe, majani ya muhogo, tukingoja nyota ya kwanza itokeze juu ya miti. Nilikuwa mtoto wa kupenda nyota kupita kiasi, hata jirani walinitania kwamba nitavunjika shingo. Jioni moja baba aliniambia, "Ile ni ya wewe, Masika. Hakuna mwingine ako nayo." Niliamini kama nilivyoamini misa ya Jumapili.

Uhuru ulikuwa umekuja, na Wazungu wengi walikuwa wakifunga maduka yao. Kutoka kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akijiandaa kuondoka, baba alileta vitabu viwili vya picha. Kimoja kilikuwa cha wanyama. Cha pili kilikuwa cha nyota, karatasi zake za buluu nzito, na kwenye ukurasa wa mwisho nyota moja kubwa ya manjano juu ya paa la nyumba. Aliviweka mkekani akachuchumaa mbele yangu.

"Chagua yenye mutoto wa kupenda nyota atafurahia," aliniambia.

Nilicheka, maana nani mwingine? Hata hivyo nilifanya kazi ile kwa makini, nikafunua kurasa zote, nikalinganisha rangi, na kidole changu chenye mafuta ya mawese kikaacha doa karibu na ile nyota ya manjano. Nikamwonyesha. Alinishika kichwa, akasema nina macho mazuri, akavichukua vyote viwili akavifungia ndani ya lori. Nilingoja Noeli. Noeli ilipofika nilipewa kile cha wanyama. Nililia kidogo jikoni, kisha nikamtetea baba moyoni mwangu: barabara ya Beni ni mbaya, baba amechoka, amechanganya.

Kisha waasi wakaja. Habari zilitufikia kwamba wameingia Beni, na watu wakaanza kufunga vitu vyao. Baba alifika asubuhi, lori limejaa wakimbizi, akatuambia tupande haraka, tunaenda kwa ndugu zetu huko Alimbongo. Nilipanda juu ya magunia. Mwanamke nisiyemjua alikuwa ameketi pale na msichana mdogo kuliko mimi.

"Kamata muzuri kitabu yako, Masika," mwanamke alisema.

Niligeuka, nikidhani ananiita mimi. Kwetu msichana wa kwanza wa kila mama huitwa Masika, kwa hiyo jina halikunishangaza. Kilichonishangaza ni buluu ile mapajani mwa mtoto. Alifunua ukurasa wa mwisho, na doa langu lilikuwepo pale pale.

"Hii nyota ni ya mimi," alinionyesha kwa furaha. "Papa alinipatia. Hakuna mwingine ako nayo."

"Papa nani?"

Alinyoosha kidole kuelekea mbele, kwa dereva.

Nilimtazama mama. Alikuwa akimsogezea yule mtoto kipande cha blanketi, bila kumuuliza yeye ni nani, na hapo nikaelewa kwamba alijua. Nilimwambia yule mdogo kwamba nyota ile ni yangu, nilipewa mimi kwanza. Alinitazama, akatazama kitabu, kisha akakifunga taratibu. Hakukifungua tena njia nzima.

Baba alikufa mzee sana, na sikumsamehe. Kwamba alikuwa na mtoto mwingine, basi, wanaume wengi walikuwa nao. Lakini alikuja kwangu kuazima macho yangu, akayatumia kumpendezesha mwingine, na mimi nikiwa nacheka.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu dukani hapa mjini, naye hapitwi na nyota. Alichagua kitabu mwenyewe. Muuzaji alitaka kukitia kwenye mfuko, nikamkatalia. Nilitaka kitoke mlangoni mikononi mwa mtoto. Jioni tulikaa kizingitini. Mikaratusi ya zamani ilikatwa, imeota mingine, na siku hizi nasi tunalala tukisikiliza kama kuna milio ya risasi upande wa Beni. Nyota ikatokea.

"Koko," mjukuu aliniita, kama bibi anavyoitwa kwetu, "ile ni ya nani?"

Ningeweza kumpa. Ulimi ulikuwa tayari.

"Ni ya ba-Masika bawili," nilimwambia. "Na bote bawili papa yabo alibadanganya."