Muhuri wa Kituo cha Mwisho

Karani wetu wa masjala hulamba kidole gumba kabla ya kufunua faili, na hagongi muhuri bila kuupulizia kwanza. Katika mbio zetu za kwanza za timu, za miguu, baiskeli na makasia, tulimkabidhi yeye kadi ya kugongwa muhuri kila kituo. Kituo cha mwisho kilikuwa kilimani. Wenzetu wawili walishatangulia mtoni. “Ngoja nipande mara moja,” alisema, akihema. Mimi ndiye niliyemvuta mkono. “Twende bwana, nani atakagua?” Waamuzi walikagua, tukaondolewa. Wenzetu walipomjia juu, alisema tu, “Nilisahau, jamani.” Nami nikainama kufungua kamba za viatu. Siku hizi akishagonga muhuri kwenye faili langu, hunigeuzia karatasi, mimi peke yangu. “Umeuona, ndugu yangu?” Nauona.