Watoto wa Darini Niliowapaka Chokaa

Niliwafunika mimi, na hakuna aliyenituma. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa Kihindi pale Iringa, aliniagiza nipake rangi kuta tu. Lakini kwenye mbao za dari palikuwa na picha ya rangi ya mafuta: watoto wanono wenye mabawa, uchi kabisa, wakirushiana maua ya waridi kama yale ya mti wa mfyulisi baridi inapokwisha. Nilikuwa kijana, nimetoka sekondari na nimeokoka juzi tu. Nikaona aibu kwa niaba ya nyumba nzima. Nikawapaka chokaa, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine.

Mzee aliporudi safari aliangalia juu, akaniuliza jambo moja. "Ulipiga msasa kwanza?"

Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta usipoikwangua kwa msasa. Kila fundi anajua. Nilidhani anakagua kazi. "Nimepiga, mzee. Dari nzima." Sikuwa nimepiga hata kipande. Akatikisa kichwa, akatoka nje.

Mwaka huu binti yake, mama mtu mzima sasa, alinitafuta kwa simu hadi kwangu Ilomba. Chokaa ilikuwa imebanduka kidogo, kikaonekana kidole cha mguu. "Baba alituambia wamekwanguliwa wote," alisema. "Alikuuliza akiomba moyoni useme hapana."

Kesho yake nilipanda basi la kwanza. Tunapita Igawa, njiani kwenda Iringa, bado natafuta maneno.

"Mama, nilimdanganya baba yako," nikamwambia nilipofika, kabla hata ya chai. "Msasa haukugusa dari ile."

Aliingia jikoni. Kisha akaleta ndoo ya maji ya uvuguvugu na sponji, akasimamisha ngazi. "Basi panda, mzee. Ukianguka nitakupaka chokaa na wewe."

Nilipanda. Nikalowesha, nikangoja, nikafuta taratibu. Mguu. Tumbo. Bawa la waridi. Chini nilimsikia akihesabu, "Wa tatu... wa nne..." sauti ikipanda kama ya mtoto. Nami nilikuwa nacheka peke yangu, maji ya chokaa yakinitiririka hadi kwapani.

"Mwenye kikapu yupo?" akauliza. "Baba alikuwa akisema huyo ni mimi."

Nikafuta kona ya dirishani. Yakatokea mashavu, kisha kikapu, maua yakimwagika.

"Yupo."

Nilishuka kumpisha. Akavua viatu, akapanda, akamgusa shavuni. Nilitaka kuomba radhi tena.

"Mzee, lete maji mengine," akasema bila kugeuka. "Hayo yameshakuwa meupe."